Mama Asiyeshtuka

Nduta alikuwa ameshafika nyumbani, ametua debe la unga sakafuni na kuketi kwenye kigoda cha jikoni, ndipo mama mkwe wake, Nanyama, alipomwuliza mtoto yuko wapi.

"Yuko kwa mashine," Nduta akajibu.

"Umemwachia nani?"

Nduta akafikiri. Alikumbuka vizuri kabisa. Alikuwa amemlaza mtoto juu ya gunia tupu, kando ya mlango wa mashine ya kusaga, ili apate kuinua debe kichwani. Halafu akaondoka.

"Hakuna mtu," akasema.

Nanyama alitupa mwiko, akatoka mbio bila viatu, leso ikamdondoka mlangoni, na sauti yake ikasikika ikiwaita majirani njia nzima. Nduta alibaki pale kwenye kigoda. Alijua kwamba mama mwingine yeyote angekuwa ameshafika barabarani. Alijua kwamba pikipiki hupita karibu sana na mlango ule, na kwamba mbwa wa sokoni hulala papo hapo. Aliyapanga mambo hayo yote kichwani, akangoja moyo uruke. Haukuruka. Hapo ndipo hofu ilipomshika, na wala haikuwa hofu ya mtoto kupotea. Alijiogopa mwenyewe.

Mtoto alipatikana mzima. Mwenye mashine alikuwa amemsogeza kivulini, nyusi za mtoto zimejaa vumbi la unga. Nanyama alirudi naye mgongoni, akihema, na siku ile yote hakumfungua hata mara moja kumpa mama yake.

Watu wa mji wa Kitale waliomjua Nduta kabla hajazaa na kuletwa hapa kijijini wasingeamini. Alizaliwa pale, binti wa Hiram na Wacera, wafanyabiashara wa mahindi, na alikuwa akiuza mbegu na dawa za mifugo kwenye duka la agroveti karibu na stendi. Alikuwa mwepesi wa maneno na wa miguu. Mkulima akija kununua mbegu, Nduta angemwuliza hali ya ng'ombe wake mmoja mmoja, akiwataja kwa rangi. Sifuna, mwalimu wa kilimo katika shule moja ya sekondari, alianza kwa kununua pakiti ya mbegu za sukuma wiki ambayo hakuihitaji. Akarudi kununua nyingine. Alipomwoa, ndugu zake walimtania kwamba ana mbegu za kutosha kulisha kaunti mbili.

Mimba ilikuwa nzuri. Kuzaa ndiko kulikokuwa kubaya. Mtoto alitoka salama, msichana, wakati watu wote wa Trans-Nzoia wako shambani wakipanda, ndiyo maana Nanyama akasema aitwe Nakhumicha. Lakini damu ya mama ilikataa kukoma. Nduta alikumbuka dari ikienda mbali, mikono ya wauguzi, mtu akipiga kelele iletwe damu nyingine. Halafu giza. Alipofumbua macho waliokuwa wamesimama karibu na kitanda walikuwa wanalia na kumshukuru Mungu.

Maziwa hayakuja. Mama yake Wacera alimpikia njahi, maharagwe meusi ya kuleta maziwa, sufuria baada ya sufuria. Nanyama alipanda kutoka kijijini kwake Bokoli na wimbi na kuku wa kienyeji. Nduta alikula alichoweza, mtoto akawekwa kifuani, akavuta, akalia, akaachishwa. Hata tone. Mwishowe wakamwanzishia maziwa ya kopo, na kila mtu akasema, "Haidhuru, mama yuko hai."

Lakini yule mama aliyekuwa hai hakuwa na joto. Alivaa sweta mbili juani. Nywele za nyusi zilipungua, ngozi ikapauka. Alichoka asubuhi kabla hajashuka kitandani. Alirudi dukani kidogo, akawa anawatazama wateja wakiingia kana kwamba wako upande wa pili wa kioo, hana hamu hata ya kuwasalimu. Akaacha kwenda. Sifuna alipoona hali haibadiliki, alimpeleka Bokoli kwa Nanyama apate wa kumsaidia, naye akawa anakuja kila Jumamosi.

Kitu ambacho Nduta hakumwambia mtu ni kilio. Nakhumicha alipolia, yeye alisikia sauti tu, kama redio ya jirani. Alijua maana yake: njaa, nepi, usingizi. Lakini hapakuwa na kitu ndani kilichomsukuma kuinuka. Ilibidi ajiamuru. Inuka. Chukua chupa. Mshike kichwa. Aliona jinsi Nanyama alivyokuwa akimwinamia mtoto, macho yakipanuka, mdomo ukitabasamu, mtoto akicheka mpaka miguu inatikisika. Nduta alijifunza sura ile. Siku moja Nanyama alipokuwa mtoni, aliinama juu ya mtoto, akapanua macho, akatabasamu vilevile. Nakhumicha alimtazama kwa muda, uso wake mdogo ukiwa mkavu, kisha akageukia ukutani.

Nduta alishindwa kuimeza picha hiyo. Mtoto ambaye hajaota hata jino alikuwa amejua.

Baada ya tukio la mashine, Nanyama alianza kulala na mtoto. Hakuwa mwanamke mkali. Alimpakulia Nduta chakula kizuri, akamwita "msichana wangu" kama zamani. Lakini kila Nduta alipoingia chumbani, mkono wa Nanyama ulitangulia kumgusa mtoto. Na Nduta alimsikia nyuma ya jiko akiongea na Sifuna kwa simu.

"Mimi sisemi ni mtu mbaya. Si unajua nampenda? Lakini naogopa, Sifuna. Macho yake inaangalia na yeye mwenyewe hayuko. Wanawake wa kanisa wamekuja kumwombea, akawashukuru vizuri, ni kama anashukuru mtu wa duka. Kuja wewe mwenyewe uone."

Nduta alirudi ndani polepole. Aliwaza kwamba watamrudisha kwa wazazi wake na kubaki na mtoto. Akajiuliza kama ataumia. Akatafuta jibu ndani yake kama mtu anayepapasa ndani ya mtungi, na mkono wake haukugusa kitu.

Jumamosi Sifuna alifika mapema. Hakuketi. Alimkuta Nduta nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta unaopigwa na jua, amejifunika shuka.

"Mama ameniambia," akasema.

"Ni kweli."

"Ulisahau mtoto?"

"Sikusahau. Nilijua yuko pale."

Sifuna alimsogelea. Akachuchumaa mbele yake. "Nduta. Unampenda huyu mtoto?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa amedanganya kwa miezi. Lakini kudanganya nako kulitaka nguvu.

"Najua ni wangu," akasema. "Najua vile najua jina langu. Lakini sisikii kitu. Nikisema nasikia, nitakuwa nakudanganya."

"Na mimi?"

Nduta alimtazama. Aliona meno yake yenye mwanya, shati lenye chaki mfukoni, uso uliokuwa ukimfanya aangushe vitu dukani. Alitaka kumjibu. Aliona woga ukiingia kwenye macho ya mumewe, akaona kwamba ni yeye anayeuleta, na hakupata neno la kuuondoa. Sifuna akainuka, akatembea mpaka kwenye migomba, akasimama huko amempa mgongo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nduta alijivutia shuka mabegani. Ikiwa nilikufa siku ile hospitalini, aliwaza, ni nani huyu amekaa hapa?

Juma lililofuata tumbo la kuhara liliingia nyumbani. Nanyama aliumwa kidogo akapona. Nduta alitapika asubuhi, akatapika mchana, kisha akaacha kuitika. Nanyama alimkuta sakafuni, midomo myeupe, ngozi baridi kama ya samaki. Alipiga mayowe. Jirani mwenye gari la kubebea nyanya alimwaga makreti njiani, wakampakia Nduta nyuma, Nanyama akiwa ameketi naye, mtoto mgongoni, wakashuka mpaka hospitali moja ya Bungoma.

Pale wodini walimtundikia maji, wakampa na sukari kwenye mshipa, maana sukari yake ilikuwa imeshuka vibaya. Akazinduka, akasema neno moja au mawili. Halafu akazama tena. Presha haikupanda. Wakamwongezea maji, akazinduka, akazama. Sifuna alifika kutoka Kitale akiwa bado na rula ya darasani mkononi. Hakujua ameibeba.

Daktari aliyekuwa zamu aliitwa Jerono, mwanamke mwembamba aliyeongea chini chini. Alisimama kando ya kitanda kwa muda, akamwinua Nduta kope, akampapasa ngozi ya mkono. Kisha akamgeukia Nanyama, aliyekuwa akimbembeleza mtoto.

"Mama, huyu mtoto ananyonya?"

"Hapana, daktari. Maziwa ilikataa kuja."

"Ilikuja ikaisha?"

"Haikuwahi kuja. Hata tone. Tulimpikia kila kitu."

"Na siku ya kuzaa, damu ilitoka sana?"

"Woi! Tulijua amekwenda."

"Na tangu hapo hajaona siku zake?"

Nanyama alimtazama Sifuna. Sifuna akatikisa kichwa. "Hajaona."

Jerono aliondoka kwa hatua za haraka, akarudi na sindano, akaisukuma mwenyewe kwenye mshipa. "Majibu ya damu yatakuja baadaye," akamwambia Sifuna. "Siwezi kungoja. Nikingoja tutampoteza."

Sifuna alikaa sakafuni kando ya kitanda, akashika vidole vya mkewe. Nanyama alitembea na mtoto koridoni, huku na huko, akiimba kwa Kibukusu wimbo usio na mwisho. Hakuna aliyethubutu kumwuliza daktari kama kuna matumaini.

Jua lilipoanza kuingia kwa dirisha la upande mwingine, Nduta alifumbua macho. Hakuyafumba tena. Alitazama dari, chupa ya maji, kisha akamtazama Sifuna.

"Nasikia njaa," akasema.

"Nini?"

"Nasikia njaa. Nataka ugali." Na akaanza kulia, machozi yakimwingia masikioni, kwa sababu hakukumbuka mara ya mwisho kutaka kitu chochote duniani.

Siku iliyofuata Jerono alivuta kiti. Alieleza taratibu, akitumia ngumi yake kama kichwa cha mtu. Chini ya ubongo, akasema, kuna tezi ndogo kama punje ya mbaazi. Ndiyo inayotuma amri mwilini: maziwa yatoke, siku za mwezi zije, mwili upate joto, mtu aamke asubuhi akiwa na nguvu ya kutaka kuamka. Wakati wa ujauzito tezi hiyo huvimba na kuhitaji damu nyingi zaidi. "Wewe ulipomwaga damu yote ile, ilikosa damu, ikafa sehemu kubwa. Ukabaki unaishi bila amri. Ulipougua tumbo, mwili ulitakiwa kujitetea, haukuwa na cha kujitetea nacho; ile sindano ilikupa homoni uliyokosa."

"Kwa hivyo hakurogwa," akasema Nanyama kwa sauti ndogo, kwa aibu.

"Hakurogwa, mama. Wala hakuwa na roho mbaya."

Nduta alikuwa ameshika ukingo wa shuka. "Daktari, mimi sikuwa nampenda mtoto wangu. Hata huyu bwana yangu. Hiyo pia ni tezi?"

Jerono akasogeza kiti karibu. "Sehemu yake. Ukimshika mtoto, akinyonya, ubongo unatoa homoni inayokufunga naye. Na kuna kemikali nyingine ya ubongo inayokufanya utake tena: utake kumwona, utake kumnusa, uinuke akilia. Mtoto naye ubongo wake unafanya hivyo hivyo kwako. Ni kama kupeana na kurudishiana. Sasa wewe maziwa hakuna, nguvu hakuna, mwili unakufa baridi. Kila ukimshika, hakuna kinachorudi. Ungependa vipi?"

"Basi mapenzi ni dawa tu ya kichwani." Sauti ya Nduta ilipasuka. "Ukinipa vidonge nitapenda, ukininyima nitaacha. Mimi niko wapi hapo?"

Hilo ndilo lililomtisha kuliko kufa. Sifuna alimwona akirudi nyuma kitandani kana kwamba daktari ameshika nyoka.

"Mimi sina kidonge cha mapenzi," akasema Jerono. "Ninachokupa ni cha kukuinua asubuhi. Hayo mengine itabidi mkae pamoja, ngozi kwa ngozi, kila siku. Sijui itachukua muda gani. Na sitakudanganya, mtoto ameshazoea mtu mwingine."

Wote watatu walimtazama Nakhumicha, aliyelala mgongoni kwa nyanya yake, shavu limebanwa kwenye shingo.

Vipimo vya damu vilivyopelekwa Eldoret vilithibitisha. Nduta alirudi Bokoli na vidonge ambavyo angevimeza maisha yake yote, na onyo kwamba akipata homa aongeze, na asiache kamwe. Mwanzoni alivihofia. Alikuwa akiamka na kushika kopo la vidonge kabla ya kushika kitu kingine, akihesabu pumzi zake, akingoja kuona kama yeye bado yeye. Lakini joto lilirudi. Sweta ya kwanza ikavuliwa, kisha ya pili. Jumamosi moja Sifuna alikuwa akisimulia jinsi mwanafunzi mmoja alivyoandika kwamba faida ya mbuzi ni kutupatia jina la kumwita mtu asiye na akili, na Nduta akacheka, akacheka mpaka akashika ubavu. Sifuna alinyamaza katikati ya hadithi. Alimtazama kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka katika nyumba aliyodhani haina watu, kisha akaenda kuosha uso ambao haukuwa mchafu.

Kwa mtoto haikuwa hivyo. Nduta alipomchukua, Nakhumicha alijikunja nyuma, akapiga kelele, akanyoosha mikono kwa Nanyama. Na sasa kilio kile kilimwingia. Kilimchoma kama maji ya moto. Alimrudisha haraka kwa nyanya yake, akaenda kujificha nyuma ya nyumba.

Nanyama aliona. Naye alikuwa na hofu zake. Kwa miezi ile alikuwa amekuwa kijana tena, anaamka na wimbo, na mara nyingine usiku alijikuta akiomba Mungu mtoto asimzoee mtu mwingine, halafu akatubu papo hapo. Asubuhi moja alivaa gauni la kanisani, akafungua leso, akamweka Nakhumicha mikononi mwa mama yake.

"Naenda Malakisi kuona dada yangu. Nitarudi jioni."

"Mama, usiniache peke yangu naye." Nduta alishika mkono wake. "Tafadhali. Unajua nilichofanya."

"Najua." Nanyama hakumtazama usoni. "Nikikaa hapa ataniita mimi, na mimi nitakuja. Sitaweza kujizuia. Wacha niende."

Alienda bila kugeuka, kitambaa kimefunika mdomo.

Nakhumicha alilia asubuhi nzima. Alilia hata sauti ikakauka, akakataa chupa, akatazama mlango. Nduta alitembea naye, akamwimbia Kikuyu, akamwimbia Kibukusu kwa kuharibu maneno. Aliogopa kila kitu: jiko, ngazi ya mlango, ndoo ya maji, mikono yake mwenyewe. Mara alisimama ghafla kuhakikisha bado amemshika. Alichukua simu kumwita Nanyama, akaiweka, akaichukua tena. Je, kama ndani bado hakuna kitu, na haya ninayosikia ni vidonge vinaongea?

Mwishowe akakumbuka neno la daktari. Akafunga mlango, akavua blauzi, akamvua mtoto, akaketi sakafuni juu ya mkeka na kumlaza kifuani, ngozi kwa ngozi. Nakhumicha alimpiga kwa ngumi ndogo, akamkwaruza shingo. Nduta hakumwachilia. "Nisamehe," akawa anasema. "Nisamehe, Nakhumicha. Niko hapa. Nimechelewa tu." Ngumi zikalegea. Mtoto akalia kwikwi moja, kisha nyingine, akalala, jasho la kichwa chake likimlowesha Nduta kidevu. Harufu ile ilimpanda puani, ya maziwa na jasho na sabuni ya mche, na mwili wake wote ukasisimka. Aliogopa kupumua kwa nguvu asije akaiharibu.

Mtoto alipoamka alimtazama mama yake. Hakucheka. Alimtazama tu kwa muda mrefu, akipapasa mdomo wake kwa vidole, akikagua. Kisha akanywa chupa yote.

Jioni sauti ya Nanyama ilipobisha hodi, Nakhumicha alirusha mikono na kupiga kelele za furaha, akajivuta kuelekea mlangoni. Nduta alisikia kitu kikimkata kifuani, wivu mkali kama wembe. Alimshikilia mtoto kidogo zaidi ya ilivyofaa.

Nanyama alisimama mlangoni. Mikono yake ilikuwa tayari imenyooka. Akaiona sura ya Nduta, akaishusha polepole. Akavua viatu, akaja akaketi mkekani kando yao, bega kwa bega, bila kumchukua mtoto.

"Amekusumbua?"

"Sana."

"Na wewe?"

"Naogopa, Mama. Asianguke, asiugue, asinikatae."

Nanyama alitoa pumzi ndefu. "Ee. Mimi nilianza hivyo nikizaa Sifuna," akasema. "Mpaka leo anaendesha pikipiki na mimi silali."

Walirudi Kitale baada ya mavuno, wote wanne, kwa maana Nakhumicha hakukubali kulala bila nyanya yake, na Nduta hakutaka tena mtoto alie kwa kukosa mtu anayempenda. Neno la kwanza alilosema mtoto lilikuwa "kukhu," yaani nyanya. La pili, "mama," lilikawia. Nduta alilisikia akiwa dukani, amesimama na mteja, mtoto akiwa kati ya magunia ya mbolea. Akaacha kupima mbegu, akageuka, na mteja akalazimika kungoja.